Jiko la nyumba mpya: chagua moto kabla ya kuchagua jiko



Mwaka juzi tulikuwa na arusi katika parokia yetu hapa Goma. Bwana arusi ni mwashi, bibi arusi ni mshonaji wa nguo. Kamati ilikusanya michango, na mimi mchungaji wao nilisimama mbele ya kanisa nikahimiza: safari hii tusiwape masahani tu, tuwape zawadi ya maana. Tukawanunulia jiko la gesi la macho mawili pamoja na mtungi uliojaa. Siku ya kukabidhi, akina mama walipiga vigelegele mpaka mvua ikasahauliwa.

Mwaka mmoja baadaye nilienda kuwatembelea pamoja na mke wangu. Walikuwa wamekwisha kuhamia nyumba yao mpya ya mbao, mabati yanang'aa, imesimama juu ya mawe ya volkeno. Jiko letu la gesi lilikuwa pembeni mwa sebule, limefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake imewekwa picha ya arusi. Mtungi ulikuwa mtupu tangu mwezi wa pili wa ndoa. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni, mtoto wa miezi miwili mgongoni, anapika maharagi kwenye mbabula ya bati. Mimi nilicheka. Mke wangu hakucheka. Alimwuliza swali ambalo kamati nzima haikuuliza: "Binti yangu, wewe mwenyewe ungependa kupikia nini?"

Alijibu kwa upole: "Mama, gesi ni nzuri. Lakini sisi tunapata pesa kidogo kidogo. Makala naweza kununua ya leo. Gesi hainunuliwi ya leo."

Majuma matatu baadaye nilipigiwa simu usiku. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha tangu jioni, baridi ikaingia, na yule mama akaingiza mbabula chumbani ili mtoto apate joto. Walifunga mlango na dirisha. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aligonga, hakujibiwa, akasukuma mlango. Aliwakuta wote watatu wamelegea, baba anatapika, mama hawezi kusimama. Waliwatoa nje wakawapeleka kwenye kituo cha afya. Mungu alituhurumia: wote wanaishi. Lakini kwa siku nyingi nilijiuliza jinsi tulivyotumia pesa nyingi kwa ajili ya jiko, na familia ile ikabaki na moto ule ule, katika nyumba isiyo na mahali pa kuuweka.

Kwa hiyo nimeuliza, nimesoma, na nimekaa na akina mama wa parokia pamoja na mafundi. Naandika kwa ajili ya wote wanaojenga au wanaoanza nyumba mpya, na kwa wazazi na kamati za arusi zinazotoa zawadi.

Swali la kwanza si jiko

Katika Luka 14 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Kinachomletea aibu si udogo wa mnara wake, ni hesabu ambayo hakuifanya kabla ya kuanza. Wengi wetu tunahesabu mabati, misumari, mbao na sima. Jiko tunaliacha mwisho kabisa, na mara nyingi anayejenga si yeye atakayepika.

Jiko hununuliwa mara moja. Moto hununuliwa kila juma, kwa miaka yote ya nyumba ile. Kwa hiyo swali la kwanza si "jiko gani zuri?" Jiulize maswali haya matatu. Ni moto gani ninaoweza kuupata kila juma, kwa namna ninavyopata pesa zangu? Siku barabara itakapofungwa, mpaka utakapofungwa, au waya wa umeme utakapokatika, nitapika na nini? Na moshi wa moto huo utatokea wapi?

Ukijibu hayo matatu, jiko lenyewe litajichagua.

Makala na mbabula

Tuanze na makala, kwa kuwa ndiyo moto wa nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Butembo. Makala yana sifa zake, tusiyadharau. Hayatoi moshi mwingi, hayaozi, yanauzwa kila kona, na hata mwenye pesa ya leo tu anayapata.

Lakini tazama yanatoka wapi. Mchoma makala hufunika kuni kwa udongo na kuziacha ziungue polepole bila hewa ya kutosha. Katika tanuru ya udongo ya kawaida, kilo 5 hadi 10 za kuni hutoa kilo 1 tu ya makala. Sehemu kubwa ya joto lililokuwa ndani ya mti hupotea porini, kabla gunia halijapanda pikipiki. Sehemu kubwa ya makala ya Goma imetoka katika Mbuga ya Virunga, mbuga ya kwanza kabisa ya Afrika, iliyoundwa mwaka 1925. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994 iko katika orodha ya urithi ulio hatarini. Walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha katika kuilinda, na biashara ya makala ni moja ya mambo yanayolisha vita ya huko. Simlaumu mama anayenunua mfuko wa makala ili watoto wale. Nasema tu kwamba bei ya gunia haionyeshi gharama yake yote.

Kuna makala yenye njia nyingine. Tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wanaozunguka Virunga kupanda miti katika mashamba yao wenyewe, ili makala yatoke shambani na si mbugani. Mwenye shamba kijijini, hata kipande kidogo cha mlima kisichofaa mihogo, anaweza kufanya hivyo.

Ikiwa utabaki na makala, usibaki na mbabula ya bati tupu. Joto jingi la mbabula hiyo hutoka ubavuni likapasha miguu yako badala ya sufuria. Kwa kukadiria, humeza makala ikaingiza sufuriani sehemu moja tu kati ya tano, au kati ya nne, ya joto lililomo. Mbabula bora ina ukuta wa udongo uliochomwa ndani ya bati, kama ile iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo unashika joto na kulirudisha juu. Hiyo huingiza sufuriani karibu theluthi moja. Maana yake, aliyekuwa akimaliza magunia matatu atamaliza mawili.

Unapoinunua, usitazame rangi. Gonga udongo kwa kidole: ukitoa sauti kavu kama ya sahani, haujapasuka. Angalia kwamba udongo umeshikamana na bati bila nafasi, kwamba matundu ya chini ni mengi na hayajaziba, na kwamba kimlango cha hewa kinafunga vizuri. Kimlango hicho ndicho akiba yako. Maharagi yakishachemka, punguza hewa. Hayahitaji moto mkali tena. Na sufuria ikae karibu na makala, isiwe juu sana.

Hewa mbaya usiyoiona

Hapa naomba kila msomaji asimame kidogo, hata yule asiyejenga.

Sisi watu wa Goma tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde. Haionekani, na mbuzi au mtoto anayeshuka ndani yake hufa. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa nyingine ya kuua. Inaitwa monoksidi ya kaboni. Nayo haionekani, haina harufu. Lakini kuna tofauti moja ambayo imewadanganya wengi. Mazuku ni nzito, hukaa chini. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona mahali ambapo mtoto anaanguka. Hewa ya makala haikai chini. Inachanganyika na kujaza chumba chote kutoka sakafuni mpaka darini. Kulala juu ya kitanda kirefu hakukuokoi.

Hewa hiyo inaingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa safi tunayoihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Wengi hudhani ni malaria, wanalala, na hawaamki. Makala mekundu yasiyo na moshi si salama. Wakati huo huo ndipo hewa hiyo inaendelea kutoka. Wala kuweka bakuli la maji kando ya mbabula hakusaidii kitu.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mbabula haiingii chumba cha kulala, hata kwa dakika kumi, hata kwa ajili ya mtoto, hata mvua ikinyesha. Mtoto apashwe joto kwa nguo, kofia, blanketi na kifua cha mama yake. Ukikuta watu wamelegea penye makala, fungua milango, watoe nje kwanza, halafu uwapeleke kwa daktari hata kama wanasema wamepona.

Kuni zenyewe zina ubaya wake mwingine, nao ni moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majikoni iliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Anayeivuta zaidi ni mama, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Briketi na peleti

Briketi ni makala yaliyotengenezwa kwa mabaki: unga wa makala, maganda, vumbi la mbao, vikichanganywa na udongo kidogo au uji wa mihogo, vikafinyangwa na kukaushwa. Vikundi vingi vya vijana na akina mama katika miji yetu vinajua kazi hii. Briketi huchelewa kushika moto na huacha majivu mengi, lakini hukaa muda mrefu kwa moto mpole. Kwa maharagi na sombe zinafaa sana. Kwa chai ya haraka hazifai. Kabla ya kununua nyingi, nunua chache: angusha moja kutoka kiunoni, isivunjike vipande, iwashe, uone kama inanuka au inatoa moshi. Hewa mbaya niliyoitaja hapo juu inatoka katika briketi pia.

Peleti ni jambo tofauti. Ni vijiti vifupi, unene wake milimita 6 au 8, vilivyotengenezwa kwa kushindilia vumbi la mbao kavu katika mashine yenye nguvu. Joto la kushindilia hulainisha gundi ya asili iliyo ndani ya mbao, kwa hiyo vijiti vinashikana bila kuongezewa kitu. Peleti hazikupitia tanuru ya udongo, basi joto la mti halijapotea porini.

Katika nchi za baridi, kama Austria na Ujerumani, watu wanaojenga nyumba mpya huweka mtambo mzima wa peleti: ghala kando ya nyumba, parafujo ndefu inayosukuma peleti motoni kidogo kidogo, na maji ya moto yanayozunguka katika mabomba kupasha vyumba. Hata huko, swali la kwanza ni lori la peleti litafika wapi na ghala litakaa kavu namna gani. Na mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipovuruga masoko, bei ya peleti ilipanda zaidi ya mara mbili kwa watu waliokuwa wameamini kwamba wamepata moto wa bei ya kudumu. Kumbe si sisi tu ambao vita inatuingilia hadi jikoni.

Kwa kupikia, kuna jiko dogo la peleti lenye feni inayotumia betri au kipande kidogo cha sola. Peleti huwashwa kutoka juu, zinatoa mvuke unaowaka, na feni inapeleka hewa ili mvuke uishe wote motoni. Moto wake unakaribia wa gesi kwa usafi. Lakini lina masharti. Peleti zikilowa huvimba na kurudi kuwa unga. Feni ikifa, jiko linatoa moshi. Na majiko mengi ya namna hii hujazwa mara moja tu mwanzoni. Huwezi kuongeza katikati bila kuvuruga moto.

Sharti kubwa zaidi ni la muuzaji. Jirani zetu wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, walikuwa na kampuni iliyoitwa Inyenyeri, iliyotengeneza peleti na kuwapa wateja jiko la kuzitumia. Watu wengi walilipenda. Kampuni ilifunga kazi mwaka 2020. Jiko la peleti likikosa peleti halipiki hata chai. Basi mtu akikuletea jiko la peleti mjini kwako, usiulize bei ya jiko kwanza. Uliza peleti zinatengenezwa wapi, nani mwingine anaziuza, na kama jiko hilo linaweza kutumia kitu kingine siku zikikosekana. Asipokuwa na jibu, mshukuru na uende zako.

Gesi

Gesi ni safi, ni ya haraka, na huizima mara chakula kinapoiva. Kwa mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili watoto wapate uji kabla ya shule, hilo si jambo dogo. Shida zake kwetu ni mbili. Inatoka nje ya nchi, kwa hiyo bei yake inategemea mpaka na barabara. Na inauzwa kwa mtungi mzima, kama yule binti alivyotufundisha.

Dawa ya shida ya pili ni kuweka akiba. Baadhi ya akina mama wetu wanaweka kila siku pesa ambazo wangenunulia mfuko wa makala, au wanafanya likelemba la watu watano, kila mwezi mmoja anajaza mtungi. Chagua mtungi mdogo wa kilo 6 badala ya mkubwa ukiwa na kipato cha kidogo kidogo. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba kuna zaidi ya muuzaji mmoja mjini anayejaza mtungi wa aina hiyo, maana vichwa vya mitungi havifanani.

Usalama: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Mtungi usimame wima, usiwekwe shimoni wala karibu na mbabula. Ili kujua kama inavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, inavuja. Usijaribu kamwe kwa kiberiti. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya umeme.

Umeme

Goma imebarikiwa kuwa karibu na mito. Kituo cha Matebe, katika Rutshuru, kilichofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2015, kina uwezo wa megawati 13, na umeme wake umefika mjini. Nyumba nyingi zina mita ya kulipia mbele, kwa hiyo umeme unaweza kununuliwa kidogo kidogo kama makala. Hilo ni jema kwa mwenye kipato cha kila siku. Hauna moshi, na hauna ile hewa ya kuua.

Lakini resho ya umeme inakula nguvu nyingi: wati 1,000 hadi 2,000. Resho ya wati 2,000 inapitisha karibu ampea 9 katika waya. Ukiichomeka kwenye waya mwembamba wa taa, waya unapata moto ndani ya ukuta wa mbao. Ndugu zetu wa Kadutu, Bukavu, wanajua jinsi nyumba moja ya mbao ikishika moto inavyochukua mtaa. Ikiwa utapikia umeme, mwambie fundi mapema, kabla hajafunga mbao za ndani: plagi ya jikoni iwe na waya wake wenyewe wa shaba wa milimita za mraba 2.5, na kifaa cha kukata umeme. Usitumie waya wa kuunganisha unaotambaa sakafuni.

Sufuria ya presha ya umeme ni bora kuliko resho kwa chakula cha muda mrefu. Hapa kwetu kuna sababu ya pekee. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagi yetu yanachelewa kuiva kuliko ya watu wa pwani. Presha inaongeza joto ndani ya sufuria na kurudisha kile mlima ulichotunyima.

Hesabu ya kila mtu

Bei hubadilika kila mwezi, kwa hiyo sitaandika bei. Chukua kipimo hiki cha kukadiria, uweke bei za soko lako. Joto ambalo kilo 1 ya gesi inaingiza sufuriani linalingana na:

- kilo 4 za makala kwenye mbabula ya bati tupu;
- kilo 2 na nusu za makala kwenye mbabula bora yenye udongo;
- kilo 3 na nusu za peleti kwenye jiko la feni;
- kilowati-saa 10 za umeme kwenye resho.

Mfano: tuseme kilo ya makala kwako ni franga 1,500. Kwa mwenye mbabula ya bati, gesi itamfaa ikiwa kilo yake ni chini ya franga 6,000. Kwa mwenye mbabula bora, gesi itamfaa ikiwa ni chini ya 3,750. Na umeme utamfaa huyu wa pili ikiwa kilowati-saa moja ni chini ya franga 375. Unaona jinsi mbabula bora peke yake inavyobadilisha hesabu.

Hakikisha kwa kupima. Pika maharagi ya kipimo kimoja, siku mbili, kwa moto wa aina mbili. Pima makala kwa mizani kabla na baada, soma mita kabla na baada. Na katika kila moto, loweka maharagi usiku kucha, funika sufuria, na yakishachemka vizuri kwa muda wa kutosha, yafunike ndani ya kikapu kilichojazwa nguo nzito au majani ya migomba ili yaendelee kuiva bila moto. Hayo hayagharimu franga hata moja.

Mahali pa kupikia

Sasa rudi kwenye mchoro wa nyumba, kabla misumari haijapigwa. Ukiwa na nafasi, jenga nyumba ndogo ya jikoni iliyo peke yake. Isipowezekana, chumba cha kupikia kiwe upande upepo unakokwenda, kisifunguke moja kwa moja chumba cha kulala. Weka madirisha mawili yanayotazamana, na nafasi ya wazi chini ya bati ili hewa ya moto itoke. Sakafu iwe ya mawe au sima, ukuta wa mbao ulio karibu na moto uwe na bati lililoachwa nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye mbao. Jenga meza ya mawe ifikie kiunoni, mbabula ikae juu yake; mtoto anayetambaa asiifikie. Mawe tunayo, volkeno imetupa bure. Kando weka ndoo ya mchanga.

Na uweke paa la kutosha. Mama anayeloweshwa na mvua jikoni ataingiza moto ndani. Si ujinga, ni baridi.

Moto wa kwanza na moto wa pili

Katika miji yetu, nyumba yenye moto mmoja tu iko mashakani. Tumeona mpaka ukifungwa, tumeona waya za umeme zikikatwa na vita, tumeona barabara za makala zikifungwa. Kwa hiyo chagua moto wa kwanza, wa kila siku, na moto wa pili, wa siku ya taabu. Mwenye umeme wa kuaminika apikie umeme na awe na mbabula bora na nusu gunia mahali pakavu. Asiye na umeme atumie mbabula bora na briketi, na mtungi mdogo wa gesi kwa alfajiri na kwa siku mtoto anapougua.

Ndivyo familia ile ilivyofanya. Baba mwashi alijenga jikoni ndogo ya mawe nyuma ya nyumba kwa majuma mawili, yenye madirisha mawili na paa linalofika mlangoni. Kanisa lilitoa mabati manne. Wanatumia mbabula ya udongo kwa maharagi, na mtungi wa kilo 6 ambao mama anaujaza kwa likelemba. Jiko letu la macho mawili limetoka sebuleni, na picha ya arusi imetundikwa ukutani.

Kamati ya arusi ya parokia nayo imebadilisha utaratibu wake. Kabla ya kununua chochote, mama mmoja wa kamati anakwenda kwa bibi arusi na kumwuliza atapikia wapi, na nini, na pesa zinaingia nyumbani kwake namna gani. Mwezi uliopita bibi arusi mmoja alijibu kwamba hahitaji jiko, anahitaji dirisha la pili. Tukamnunulia dirisha.

Bwana azilinde nyumba zenu, na wote wanaolala ndani yake.